Nilivyokadiria nishati ya sumaku juu ya madoa ya jua kwa laptopu ya kawaida

Nikiwaambia washkaji napiga hesabu za nishati ya jua wanadhani nafunga sola, kumbe mi naitafuta ile iliyojibana kwenye uga wa sumaku juu ya madoa ya jua, ile ikiachia ndo mlipuko. Nilichukua eneo AR 11158 (AR ni eneo la jua lenye madoa na sumaku kali) la Februari 2011 maana limeshachunguzwa sana, lililipuka X2.2 alfajiri ya tarehe 15, saa kumi na moja kasoro kwa saa za kwetu, mlipuko wa kwanza wa daraja la X, yaani la juu kabisa, kwenye mzunguko wa 24 wa jua (mzunguko mmoja wa madoa ni kama miaka 11), so unajua pa kujilinganisha.

Data ni bure, zinatoka kifaa cha HMI kwenye setilaiti ya SDO ya NASA, unazivuta Stanford, ramani moja kila dakika 12, pikseli kama km 360. Shida ni kwamba ramani inakupa uga wa usoni tu, huko juu kwenye korona, anga ya nje ya jua, unaujenga mwenyewe kwa hesabu.

Fomula haisumbui, uga mara uga, gawa kwa 8π, jumlisha boksi zima la anga juu ya madoa. Gausi (kipimo cha nguvu ya sumaku) 1000 ni kama ergi (kipimo cha nishati) 40,000 kwa kila sentimita ya ujazo. Ila sehemu kubwa ya jumla hiyo hailipuki kamwe! Fikiria manati, kinachorusha jiwe ni ule mvuto ulioongeza, sio mpira. Kwa hiyo unajenga uga usiosokotwa, ndo mpira usiovutwa, huo unataka sehemu ya wima tu na hesabu ya Fourier, ya kuvunja ramani kuwa mawimbi, inaumaliza chap, alafu uliosokotwa, huo sasa programu inarekebisha na kurekebisha mpaka mkondo wa umeme ulale sambamba na uga, feni inapiga kelele usiku kucha. Nilishusha ramani hadi km 720 kwa pikseli ndo RAM ikatosha. Toa nishati ya wa kwanza kwenye ya wa pili, unabaki na nishati huru, ile inayoweza kulipuka.

Kilichonibeba ni kung'ang'ania boksi lilelile na kingo zilezile kwa zote mbili, maana unatoa namba kubwa kwenye namba kubwa, ukizembea kidogo jibu limemezwa. Alafu uga wa ulalo una kelele kama gausi 100, sehemu dhaifu usiziamini, lainisha kwanza.

Wataalamu walichapisha 2012 kilele cha nishati huru cha kama ergi 2.6 × 10^32, baada ya mlipuko ikapungua kwa kama 0.3 × 10^32. Yangu ilikuja chini kidogo ila mstari unapanda na kudondoka palepale, nikaridhika. Sasa naitamani AR 12192 ya Oktoba 2014, lile doa kubwa lililopiga milipuko ya X bila kurusha wingu la gesi ya jua angani, ila boksi lake kwa laptopu hii, mmh.