Nyuki Darini: Dawa ya Kupuliza Haimalizi Kazi

Kila msimu wa maua unapoingia hapa Dodoma, napigiwa simu zenye ombi lile lile: nyuki wameingia darini, njoo na dawa uwapulize. Mimi ni mfugaji wa nyuki wala sina dawa ya kuuza, na jibu langu huwakatisha watu tamaa mwanzoni, kwa sababu huwaeleza kwamba nyuki wenyewe ni sehemu ndogo ya shida yao. Shida kubwa ni tundu walilopitia na masega waliyoyajenga. Vitu hivyo viwili vikibaki, nyumba itapata nyuki wengine, hata kama hawa wa leo watakufa wote kabla ya jua kuzama.

Jambo la kwanza ni kujua kama wanaoonekana ni wapita njia au wameshakuwa wakazi. Kundi linapoongezeka na kujaa ndani ya makao yake, malkia mzee hutoka na sehemu kubwa ya nyuki vibarua, na makao ya zamani huachiwa malkia mpya aliye karibu kutoka katika chumba chake cha nta. Waliotoka hushikana bumba moja juu ya tawi, kwenye fishabodi au hata kwenye kioo cha gari, huku wapelelezi wao wakitafuta mahali pa kuhamia. Nyuki wa namna hii wamejaza asali matumboni, hawana masega wala majana, yaani mayai na mabuu yao, ya kulinda, na kwa kawaida huwa wapole kuliko siku nyingine zote za maisha yao. Wengi huondoka baada ya saa chache au siku chache, kwa hiyo ushauri wangu ni watoto waingizwe ndani, mbuzi waliofungwa wafunguliwe na kupelekwa mbali, na bumba liachwe bila kurushiwa hata kijiti. Wakazi ni tofauti: hupita katika tundu moja kuanzia asubuhi hadi jioni, wengine wakiingia na chavua ya manjano miguuni, na hiyo chavua ndiyo ishara kwamba ndani kuna majana yanayolishwa.

Watu huniuliza kwa nini nyuki wauache mbuyu na kuchagua nyumba. Mtafiti Martin Lindauer, aliyekuwa akichunguza nyuki katika jiji la Munich baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, aliwaona wapelelezi wakicheza juu ya bumba ile ngoma yao ya kuwaelekeza wenzao mahali walipopaona huku wamechafuka masizi na vumbi jekundu la matofali, akatambua kwamba walikuwa wametoka kukagua mashimo ya majengo yaliyobomolewa kwa mabomu. Baadaye Thomas Seeley, wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, alionyesha kwamba nyuki wa Ulaya hupendelea uwazi wa lita 40 hivi, wenye mlango mdogo na ulioinuka kutoka ardhini. Nyuki wetu hawana masharti mengi kiasi hicho, kwani huridhika na nafasi ndogo zaidi, na ndiyo maana huwakuta ndani ya matofali ya bloku, katika tanki bovu, chini ya sakafu ya stoo na katika boksi la spika lililosahauliwa barazani. Dari la nyumba ya bati lina yote wanayoyataka: giza, ukavu, urefu kutoka chini, na mwanya ambao fundi aliuacha pale fishabodi inapokutana na ukuta. Kama pana masega ya zamani, hata yaliyokauka, harufu yake huwaita kutoka mbali.

Sasa tuiangalie hiyo dawa ya kupuliza. Inawaua nyuki wanaofikiwa, hilo sibishani nalo. Kinachofuata ndicho ambacho mpulizaji hasubiri kukiona, maana ameshalipwa na kuondoka. Nyuki walio hai hulitunza eneo la majana katika joto la nyuzi 35 hivi, wakipepea mabawa na kuleta maji joto linapozidi. Wakishakufa hakuna wa kuyapoza masega, na chini ya bati la Dodoma lenye jua la saa nane mchana nta hulainika, masega hudondoka, na asali hupenya kwenye silingibodi. Doa la kahawia hutokea juu ya kitanda, kisha sisimizi, mende na nondo wa nta, kisha uvundo wa majana yaliyooza. Baya zaidi ni kwamba asali hiyo yenye sumu hugunduliwa na nyuki wa jirani, ambao huja kuiba na kuipeleka katika mizinga yao. Mfugaji wa mtaa wa pili anaweza kupoteza makundi yake bila kujua dawa ilipulizwa wapi.

Kuziba tundu wakati nyuki wako ndani ni kosa jingine linalopendwa sana. Nyuki waliofungiwa hufuata mwanga, na mwanga ulio karibu nao ni ule unaopenya pembeni ya taa ya chumbani. Nyumba hujaa nyuki usiku huo huo, tena nyuki waliokwisha kukasirika. Kuhusu wanaopanda darini na mwenge wa mafuta ya taa, sitaandika mengi: kenchi ni mbao kavu.

Kazi yenyewe, inapofanywa sawasawa, hufanana zaidi na useremala kuliko uwindaji. Mimi huanza jioni, jua likiwa limepungua ukali, na mara nyingi humalizia gizani kwa tochi iliyofunikwa karatasi nyekundu, kwa sababu nyuki hawaioni rangi nyekundu. Usiku huruka kidogo ila hutambaa sana, hivyo suruali huingizwa ndani ya mabuti na kufungwa, la sivyo hupanda kwa ndani. Kwanza hupapasa dari kwa kiganja kutoka chumbani: penye majana huwa na uvuguvugu, na ukitega sikio hapo unasikia mvumo usiokatika. Hapo ndipo tunapokata. Bomba la moshi, chombo cha kuwapulizia nyuki moshi ili watulie, hujazwa kinyesi kikavu cha ng'ombe au gunzi, na juu yake huwekwa majani mabichi ili moshi utoke umepoa na cheche zibaki ndani. Plastiki isitumike kamwe.

Silingibodi ikishushwa, masega huonekana yamening'inia kwenye mbao, moja kando ya jingine, meupe yale mapya na meusi kabisa yale yaliyozaa majana mengi, na nyuki wameyafunika kiasi kwamba nta haionekani. Huanza na sega la pembeni, ambalo kwa kawaida lina asali tupu, nalo huingia moja kwa moja kwenye ndoo yenye kifuniko. Masega ya majana hukatwa kwa kisu kirefu, yakafungwa kwa kamba ya katani kwenye viunzi vya mzinga, yakielekea juu na chini vile vile yalivyokuwa, kwa kuwa vyumba vyake vina mwinamo na majana hayapaswi kugeuzwa. Hayo majana ndiyo yanayowashawishi nyuki kubaki ndani ya mzinga. Malkia akionekana hutiwa katika kijumba cha waya na kuning'inizwa katikati ya masega, na wengine humfuata kwa kutembea, safu kwa safu, wakiinua mikia na kupepea harufu ya kuitana. Mzinga hupelekwa mbali, angalau kilomita 3, maana ukiwekwa nyuma ya nyumba vibarua watarudi kwenye tundu lao la zamani asubuhi. Hata hivyo nyuki wa kwetu huhama kwa urahisi wakisumbuliwa, na yapo makundi ambayo huondoka katika mzinga mpya hata ukiwapa maji ya sukari. Mwenye nyumba haimhusu. Mfugaji huumia kidogo na kuendelea.

Ukuta usioweza kubomolewa una njia yake, ambayo ni ya polepole. Matundu yote huzibwa isipokuwa moja, na hilo huvishwa wavu wa waya uliokunjwa umbo la pia, mdomo mwembamba ukiwa nje. Nyuki hutoka ila hushindwa kurudi, na kando yao huwekwa mzinga wenye sega la majana, ambamo huingia wakikosa pa kwenda. Kwa kuwa kibarua huchukua siku 20 hivi tangu yai hadi kutoka kwenye chumba chake, kazi hii huenda wiki kadhaa, na malkia mara nyingi habanduki ndani.

Naomba mtu asijifunzie kazi hii kwenye video za ughaibuni zinazoonyesha watu wakichota nyuki kwa mikono mitupu. Wale wengi wao ni nyuki wenye asili ya Ulaya. Wa kwetu ni jamii ile ambayo mwanasayansi Warwick Kerr aliipeleka Brazili mwaka 1956, na ambayo baada ya kutoroka ilienea hadi Marekani ikiwa na sifa ya ukali. Nyuki anapochoma huacha mwiba pamoja na harufu inayofanana na ya ndizi mbivu, na harufu hiyo huwaita wenzake mahali hapo hapo. Aliyevamiwa akimbie bila kusimama, afunike uso, aingie ndani na kufunga mlango. Asijitose majini, kwa sababu watamsubiri juu. Miiba iondolewe upesi kwa kucha au kwa chochote kilicho karibu, kwani huendelea kusukuma sumu. Mtu anayevimba uso, anayekosa pumzi au aliyechomwa mara nyingi apelekwe hospitali bila kungoja, maana sumu nyingi huweza kudhuru figo hata za mtu asiye na mzio. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114, na pale ambapo kundi limeshashambulia wodi au darasa nami sina pingamizi nyuki wakiuawa, mradi masega yatolewe baadaye na asali yake isiliwe.

Wapo wasiotaka waondolewe. Mzee mmoja aliniambia, "Mwanangu, hawa wamekuja na neema, waache," huku wajukuu wake wakizunguka nyuma ya nyumba kukwepa mlango wa mbele. Sikubishana naye, tulikubaliana kwamba neema hiyo inaweza kukaa kwenye mkwaju wa shambani kwake, na huko ndiko mzinga ulikopelekwa.

Nyuki wakishaondoka, mbao hukwanguliwa nta yote, husuguliwa kwa maji ya moto na sabuni, zikikauka hupakwa rangi ili kufunika harufu. Nafasi ilimokuwa kundi hujazwa, nyufa huzibwa kwa saruji, na matundu ya hewa huwekewa wavu wenye vitobo visivyozidi milimita 3, ambavyo kibarua hapiti. Mwenye kiwanja chenye mti mkubwa humshauri atundike mzinga mtupu uliopakwa nta kwa ndani, mbali na njia ya watu, kabla alizeti hazijachanua. Wapelelezi watakuja msimu ujao kama kawaida yao, nao huo mzinga watauona mapema kuliko mwanya wowote uliosahauliwa chini ya paa. Wakishaingia nipigiwe simu, na ndoo ya asali tutagawana.