Namba 19

Jumapili, saa nne usiku. Umeme umerudi sasa hivi.

Leo baada ya ibada mwalimu wa kwaya ameniuliza tena, ile sauti ya filimbi ya Mzee kwenye kinanda iko wapi. Nikamjibu, "Bado naitafuta, mwalimu." Uongo mtupu. Naitafuta wapi wakati niliiua mwenyewe, mezani kwangu hapa Mwanga, Kigoma, kwa pasi ya kuchomelea?

Kinanda chetu ni Yamaha DX7, mtindo uliotoka 1983. Kilifikaje Kigoma, kila mwanakwaya ana hadithi yake, na zote zinaishia kwenye treni. Kina kilo 14 hivi na vitufe bapa ambavyo hujui kama vimebonyea mpaka utazame kioo. Ndani hakuna filimbi wala kengele iliyorekodiwa. Kila sauti inapigiwa hesabu papo hapo: wimbi moja linatikisa jingine, nalo linazaa mlio mpya, njia aliyoigundua John Chowning pale Stanford, Marekani. Kila noti ina mawimbi sita, na mipango 32 ya nani amtikise nani. Ukigeuza namba moja, kengele inakuwa sufuria. Ndiyo maana wapiga vinanda wengi duniani walibaki na sauti za kiwandani na hawakuthubutu kuunda za kwao.

Mzee aliyenitangulia kukipiga alithubutu. Namkumbuka ameinamia kile kioo chembamba, miwani puani, anasogeza namba mojamoja huku akipuliza midomo kimyakimya. Alipata filimbi yenye pumzi, ile "fff" inayotangulia noti kama ya mtu anayepuliza kweli. Akaihifadhi namba 19. Hakuiandika popote, na mwaka jana tukamzika.

Mwezi uliopita kioo kikaanza kudai betri. Ni kidude cha mviringo, CR2032, volti 3, ila kiwandani waliichomelea kabisa kwenye bodi. Mimi fundi redio, nishindwe na betri? Nikafungua skrubu, nikaitoa, nikaweka kishikio ili safari ijayo iwe rahisi (hapo nilijisifu), nikapachika mpya. Nikawasha. Namba 1, kelele. Namba 2, kimya. Nikaenda 19 moja kwa moja: mkwaruzo, kama redio iliyokosa stesheni.

Na nilijua! Betri ile haina kazi nyingine ila kushikilia kumbukumbu. Nyuma ya kinanda kuna tundu la MIDI, la kuongea na kompyuta, na sauti zote 32 ni baiti 4,096 tu. Picha moja ya WhatsApp inazimeza mara nyingi. Ningeziweka kwenye kompyuta kabla sijashika skrubu. Sikuwa na waya wake. Nikaona kuagiza Kariakoo ni usumbufu kwa kazi ya nusu saa. Waya nimeuagiza baadaye, nimerudisha za kiwandani. Filimbi ya Mzee haikutoka kiwandani.

Nimejaribu kuiunda upya wiki tatu. Filimbi naipata. Pumzi hakuna.

Kwa hasira nikageukia kitu kidogo ninachoweza kukielewa chote. Chipu ya 40106 ina mageti sita, yaani swichi ndogo zinazogeuka zenyewe umeme ukipanda au ukishuka. Chukua geti moja, rezista moja ya kubana umeme, kapasita moja ya kuutunza: kapasita inajaa kupitia rezista, ikifika juu geti linageuka, inamwagika, ikifika chini geti linageuka tena. Kujaa na kumwagika huko ndiko mlio. Betri ya volti 9, spika ndogo ya kompyuta, basi. Mahali pa rezista niliweka jicho la mwanga nililolitoa kwenye taa mbovu ya nje. Mwanga ukizidi, sauti inapanda. Mpwa wangu alikipiga kwa tochi jioni nzima. Aliniuliza, "Mjomba, kinaweza kusikia taa za wavuvi wa dagaa?" Tukakitoa nje, tukakielekeza ziwani. Wapi! Kilinguruma tu kwa taa ya jirani.

Halafu juzi umeme ukakatika, nikawasha mshumaa kando yake. Sauti ikashuka, ikaanza kutetemeka. Haikutetemeka kwa mpangilio. Moto ukisukumwa na upepo wa dirishani, mlio ulijikwaa, ukasimama, ukajikwaa tena. Nikaweka kikombe cha chai chini.

Mimi nilikuwa naitafuta pumzi kwenye mtetemo uliopangika, unaokwenda na kurudi kama pendulamu. Pumzi haiendi hivyo. DX7 ina wimbi linaloweza kujitikisa lenyewe, kutoka 0 mpaka 7. Ukifika 7 na kulipa nguvu zote, mlio unavunjika, unakuwa mchanga. Usiku huu nimeliweka 7, nikalipa nafasi fupi sana mwanzoni mwa noti, lizime kabla filimbi haijakaa sawa.

"Fff."

Siyo yake. Yake ilikuwa laini zaidi, na mwisho ilining'inia kidogo. Lakini mpwa wangu aliyekuwa amelala ameinua kichwa, kisha akalala tena. Nimeihifadhi namba 20, na namba zake zote nimeziandika kwenye daftari la hesabu, kurasa mbili. Ya 19 sijaigusa.

Alhamisi kuna mazoezi. Nitaipiga kwanza, halafu nimweleze mwalimu. Au nimweleze kwanza, sijui.