Vinka za uani kwa bibi, Mikindani

Jana uani kwa bibi nilikuwa naziangalia zile vinka zinazojiotea karibu na kisima, maua ya waridi yenye kitovu chekundu. Ndizo zilizotupa vinkristini, sindano ya watoto wengi wenye saratani ya damu. Huzuia seli isigawanyike. Mdogo wangu yeye anameza imatinibu, dawa ya saratani iliyoidhinishwa Marekani 2001, akishakula, na bilauri nzima ya maji. Hiyo ni ya maabara: hukifunga kimeng'enya cha kinasi kinachoiamrisha seli izaliane bila kukoma. Watafiti wanatafuta vizuia kinasi kwenye mimea pia. Mungu awafikishe! Bibi alishachuma majani achemshe. Nikamshika mkono. "Usimpe, bibi, majani haya yana sumu." Akayaweka chini, akamtazama mjukuu wake, kimya.