Mrututu, msumari wa jahazi na oksidesheni iliyonisumbua

Nilifundishwa kwamba oksidesheni ni "kuongezewa oksijeni", basi. Nikakariri, na ikanipotezea mwaka mzima. Tia msumari kwenye maji ya mrututu (salfeti ya shaba) uone: hakuna oksijeni inayokiendea chuma, na bado chuma kimeoksidishwa. Nilipoanza kufuata elektroni kama anavyofuatwa mwenye deni, nani katoa na nani kapokea, mambo yakanyooka. Chuma kinatoa mbili, na kutoa huko ndiko kuoksidishwa: Fe → Fe²⁺ + 2e⁻. Shaba inazipokea: Cu²⁺ + 2e⁻ → Cu. Salfeti imekaa barazani inatazama tu. Namba ya oksidesheni ya salfa yake, yaani hesabu ya elektroni ilizopoteza, ilianza na +6, ikaisha na +6.

Jaribio lenyewe nililifanya nyumbani, hapa Lamu, na mara ya kwanza niliumbuka. Gramu 2.5 za mrututu katika sentimita za ujazo 100 za maji ya kisima, yaani kama moli 0.1 kwa lita. Yakaingia ukungu: maji yale yana chokaa, na shaba huganda na kaboneti. Nikateka ya mvua kwenye jabia, yakatulia samawati safi. Halafu nikaokota msumari wa jahazi, mnene, wa kupendeza. Nangoja wekundu wa shaba, napata masizi meusi! Nikamlaumu muuza mrututu bure. Kumbe msumari ule umepakwa zinki usiliwe na kutu baharini, na zinki hutoa elektroni kwa wepesi kuliko chuma. Shaba ikishuka kwa kasi hiyo huwa unga laini, na unga huo huonekana mweusi. Dalili ilikuwepo nikaipuuza: maji yalikuwa yakielekea kukosa rangi kabisa, bila ule ukijani hafifu wa chuma. Chukua msumari usiopakwa, usugue kwa msasa hadi ung'ae. Dakika chache tu unavaa shaba nyekundu. Mrututu ni sumu, usitumie kikombe cha chai.

Jina lililonichanganya zaidi ni "kioksidishaji". Ni yule mnyang'anyi: anamwoksidisha mwenzake kwa kumpokonya elektroni, na yeye mwenyewe ndiye anayeridakishwa, yaani anayepokea elektroni. Hapa ni Cu²⁺.

Sasa pamanganeti, ambayo wengi huikimbia. Katika MnO₄⁻, oksijeni nne ni -8, chaji ya jumla ni -1, kwa hiyo manganizi ni +7. Inaishia Mn²⁺. Sawazisha oksijeni kwa maji 4, haidrojeni kwa H⁺ 8, kisha hesabu chaji: kushoto -1 na +8 ni +7, kulia +2. Pengo ni 5, ndizo elektroni:

MnO₄⁻ + 8H⁺ + 5e⁻ → Mn²⁺ + 4H₂O

Hila yangu: +7 kushuka hadi +2 nayo ni 5. Njia mbili zikikataa kulingana, kuna ulipokosea. Fe²⁺ ikikutana nayo hutoa moja tu, ikawa Fe³⁺, ndiyo maana zinahitajika tano kwa pamanganeti moja.

Kwenye taitresheni, yaani kupima Fe²⁺ kwa kuidondoshea pamanganeti kutoka bureti (mrija wenye vipimo), usitumie asidi ya haidrokloriki. Pamanganeti itaigeuza kloraidi kuwa klorini, na bureti itakudanganya. Tumia ya salfuriki, tena ya kutosha: ukiibania, utaona uchafu wa kahawia, MnO₂. Na kwa vile zambarau yake ni nzito, soma ukingo wa juu wa maji, si wa chini. Simama kwenye tone la kwanza linaloacha waridi hafifu isiyotoka ukitikisa.