Siku moja maishani mwangu: upande wa mama kabla hajatia saini

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi huwa nimeshasoma ujumbe ulioingia usiku, kwa sababu wengi wanaonitafuta huandika wakati nyumba nzima imelala na hakuna wa kuwauliza wanawasiliana na nani. Leo ujumbe mrefu kuliko wote umetoka kwa binti mwenye mimba ya miezi saba, ambaye wazazi wake wamempa hadi mwisho wa wiki aamue: akubali mtoto aasiliwe na watu wengine, yaani wawe wazazi wake kisheria, au atafute pa kuishi. Namjibu kwamba hakuna sheria inayomfunga kuamua wiki hii, kwamba asitie saini karatasi yoyote kabla hatujaisoma pamoja, na kwamba nitampigia saa nne. Kazi yangu ni kuwashauri na kuwasindikiza wazazi watarajiwa wanaoshinikizwa kumtoa mtoto wao, na mara nyingi kitu cha kwanza ninachowarudishia ni muda.

Saa mbili tunakutana kwa kifupi na mkunga pamoja na wakili, tunagawana kazi za siku, kisha kila mmoja anashika njia yake.

Saa tatu anaingia mama mwenye mimba ya miezi minane, ameshika bahasha ya wakala wa kuasili. Ndani mna hati ya ridhaa ambayo tayari imejazwa kwa chapa, na kila mahali anapotakiwa kutia saini pamewekwa alama ndogo ya penseli. Ananiambia kwamba wamemrahisishia. Wanandoa wanaomsubiri mtoto wamekuwa wakimlipia pango na gharama za kliniki, wamekaa naye chumbani wakati wa kipimo cha ultrasaundi, na jina la mtoto wameshalichagua. Siku za karibuni ameanza kuwaza kubaki na mwanawe, lakini kila akiwaza hivyo linamjia swali moja: "Nitawatazamaje usoni?"

Kwa maoni yangu, hapo ndipo shinikizo linapouma zaidi, kwa kuwa halina sura ya shinikizo. Hakuna aliyemfokea wala kumtisha. Wote wamekuwa wema kwake, na wema huo umegeuka deni analodhani litalipwa kwa mtoto. Namsomea polepole yale ambayo Mkataba wa The Hague wa mwaka 1993 kuhusu kuasili watoto kati ya nchi na nchi unayataka: ridhaa itolewe kwa hiari, isiwe imevutwa kwa malipo au fidia ya aina yoyote, na ridhaa ya mama, pale inapohitajika, itolewe baada tu ya mtoto kuzaliwa. Ni kweli kwamba mkataba huo hauhusu watoto wanaoasiliwa ndani ya nchi yao, lakini busara yake haibadiliki kwa sababu ya mpaka. Huko England na Wales ridhaa ambayo mama ameitoa kabla mtoto hajatimiza wiki sita haina nguvu kisheria. Katika baadhi ya majimbo ya Marekani, kinyume chake, saini inaweza kuwekwa siku chache tu baada ya kujifungua, na ikishawekwa ni vigumu mno kuitengua. Ndiyo maana simwachii mtu aondoke bila kuonana na wakili wake mwenyewe, asiyelipwa na wakala wala na wanaotaka kuasili.

Anapotoka, bahasha ameiacha kwa wakili, na ile hati haijaguswa.

Saa nne nampigia yule binti, na kabla hatujafika mbali mama yake anaichukua simu. Namsalimu kwa heshima na kumwacha aseme yote, kwa sababu mama wa namna hii mara nyingi ana hofu kuliko ukali. "Mimi nataka amalize masomo," ananiambia, "na mtoto apate wazazi wawili." Namuuliza ni jambo gani hasa analoliogopa, na baada ya kuzunguka sana tunafika kwenye kiini chake: nani atamshika mtoto mchana, na nani atanunua mahitaji yake katika mwaka wa kwanza. Maswali hayo ni mazito, lakini yana majibu yanayoweza kutafutwa. Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala ya watoto, iliyopitishwa mwaka 2009, inasema kwamba umaskini peke yake usiwe kamwe sababu ya kumtenga mtoto na wazazi wake, na kwamba uchukuliwe kuwa ishara ya familia kuhitaji msaada. Shida za familia hii zina mwisho, ilhali kuasili kamili kunakata moja kwa moja uhusiano wa kisheria kati ya mzazi na mtoto. Tunakubaliana kwamba sharti la mwisho wa wiki linaondolewa, na kwamba wote wawili watakuja kesho kutwa.

Saa saba nazungumza na kijana aliyeambiwa kwamba hana haki kwa kuwa hajamwoa mama wa mtoto. Baba huyu husahaulika sana, na mara nyingine huachwa gizani kwa makusudi. Tunaandika pamoja tamko la kukiri kwamba yeye ndiye baba, kwa kuwa mahali pengi sheria humtaka ajitokeze mapema na kwa maandishi, na anayechelewa huweza kukuta shauri limekwisha.

Saa tisa ni zamu ya mama aliyekwishaamua, kwa utulivu na bila kusukumwa, kwamba mwanawe aasiliwe. Simbembelezi abadili nia. Kufanya hivyo kungekuwa shinikizo jingine. Ninachomweleza bayana ni kwamba ahadi za kutumiwa picha na kutembeleana, mahali pengi, haziwezi kulazimishwa mahakamani, hivyo aangalie tabia za watu anaowachagua zaidi ya maneno yao.

Jioni, saa kumi na moja, kikundi chetu huhudhuriwa pia na akina mama ambao watoto wao walichukuliwa zamani. Tarehe 21 Machi 2013 Julia Gillard, akiwa waziri mkuu, aliomba radhi kwa niaba ya Australia kwa sababu ya watoto walioasiliwa kwa kuwalazimisha mama zao, na Scotland ilifanya hivyo Machi 2023. Mmoja wa akina mama hawa anamwambia binti aliyeketi kando yake, "Mwanangu, mimi hakuna aliyeniuliza. Wewe ukiulizwa, jibu unapokuwa tayari."

Saa mbili usiku yule mama wa bahasha ananipigia, na tunaandika mpango wake wa kujifungua: nani awe naye chumbani, kwamba mtoto akae kifuani pake mara tu akizaliwa, na kwamba mtu wa wakala asiingie wodini bila yeye kumwita. Asubuhi mkunga atamkabidhi muuguzi mkuu nakala, na wakili atawaandikia wanandoa wale kwamba hajaamua.