Nimetolewa figo, nikarudishwa nyumbani na Panadol

Alhamisi hii nina siti skani ya tatu ya kuangalia kama kansa imerudi, mwaka na nusu tangu nipasuliwe, kwa hiyo nikijibu meseji yako kwa mkato wiki hii nisamehe, hata nyumbani wananikwepa.

Kwa msiojua, figo yangu ya kulia haipo. Nilienda kupiga utrasaundi ya tumbo, mimi najua ni vidonda vya tumbo tu vya kushinda njaa dukani, yule dada wa kipimo anapitisha kile kidude huku anapiga stori, kufika upande wa kulia akanyamaza. Vuta pumzi, shikilia, achia, vuta tena. Nilijua kabla hajasema kitu. Uvimbe wa sentimita 6 na ushee, umekaa katikati ya figo jirani na mishipa mikubwa, kwa hiyo wakasema hapa hatukati kipande, tunatoa yote. Na sikuwa na dalili hata moja, sio damu kwenye mkojo wala nini.

Ya operesheni sina mengi. Walinichana ubavuni, ukitaka kukohoa unakumbatia mto kwanza ndo unakohoa, na siku ya kurudi nyumbani bajaji ilipanda tuta moja pale Tabata nikatoa sauti hadi dereva akageuka. Uchovu ndo ulikaa, miezi kama mitatu hivi nikifungua duka nakaa chini kwanza. Mpaka leo chini ya kovu ukinigusa sisikii, kama nimeshonewa ngozi ya mtu mwingine.

Kilichonishinda mimi kilianza siku ya majibu ya maabara ya ile figo waliyoitoa. Daktari akasema ni kansa kweli, ila ilikuwa bado ndani ya figo haijatoka nje, hatua ya kwanza, tumeitoa yote. Nikamuuliza sasa dawa naanza lini? Akasema hakuna. Mionzi? Hakuna. Akanieleza kansa ya figo zile dripu za kawaida za kansa karibu haizisikii, na kwa hatua yangu kisu ndo ilikuwa dawa, sasa tutakuwa tunakuangalia, miezi 6, mwaka, hivyo hivyo mpaka miaka 5 na zaidi. Nikatoka na Panadol na kadi yenye tarehe.

Yaani hapo ndo nilipochanganyikiwa. Huku kwetu mtu akisikia kansa anajua ni Ocean Road, ile hospitali ya kansa, mionzi, nywele kunyonyoka, sasa mimi nimerudi mtaani na nywele zangu zote kichwani, wapo walioniona tapeli na wapo walionong'ona kwamba kwisha habari yake huyo, wamemrudisha akafie kwake. Wengine wote ni "si umeshapona baba, mshukuru Mungu." Namshukuru kweli, lakini hata kidonge kimoja cha asubuhi kingenisaidia, nimeze nijue leo nimefanya kitu. Hakuna. Unakaa unausikiliza mwili kama gari lenye mlio ambao fundi kaukosa.

Na ukiusikiliza sana mwili unasema mengi. Nilisoma saa nane usiku kwamba ikirudi hupenda kwenda kwenye mapafu, wiki hiyo hiyo nikaanza kukohoa, sikusema kwa mtu, nikawa naenda kukoholea chooni bomba limefunguliwa. Siku nane! Nilipomwambia daktari akacheka kidogo akasema, "Mzee, kutolewa figo hakukuzuii kuumwa mafua."

Shangazi yangu naye akaleta majani ya mstafeli na mizizi mingine ambayo mpaka leo siijui jina. Sikumkatalia usoni, nilipiga simu kuuliza, nikaambiwa umebaki na figo moja, usiibebeshe mzigo ambao hata sisi hatujui uzito wake. Shangazi alinuna hadi Pasaka. Ila mbaya zaidi sio mizizi, ni duka la dawa, nimeenda na mgongo wangu kijana akanipa diklofenaki ya maumivu bila kuuliza lolote, bahati mke wangu alikuwa anakumbuka orodha ya dawa nilizokatazwa, diklofenaki, ibuprofeni, vyote hivyo havifai kwa figo yangu hii. Sasa hivi nikiingia dukani salamu yangu ni "nina figo moja" kabla ya habari za mchana.

Kilichonisaidia kidogo ni daftari. Daktari aliniambia ukiona damu kwenye mkojo, au unapungua uzito bila sababu, njoo siku hiyo hiyo, mengine yape wiki mbili, yasipoondoka njoo. Basi nikachukua daftari la mauzo, kila maumivu naandika siku na mahali, yakiondoka nachora mstari. Juzi nikarudi nyuma kuyasoma yote, nikakuta karibu yote yamebanana kwenye zile wiki tatu kabla ya skani! Miezi ya katikati kurasa nyeupe kabisa. Nilicheka peke yangu halafu nikakasirika, maana kujua hivyo hakujazuia kitu, Jumamosi kiuno kikaanza tena.

Skani yenyewe wala haitishi. Wanapima damu kwanza, kitu kinaitwa kreatinini, waone figo iliyobaki inamudu ile dawa ya rangi, wanakuchoma, unasikia moto unateremka mwili mzima mpaka unahisi umejikojolea, dakika chache umemaliza. Kusubiri majibu ndo kazi.

Mke wangu nilikuwa namficha haya yote nikidhani namlinda. Siku moja natafuta chaja kwenye pochi yake nikakuta kikalenda kidogo, tarehe ya skani imezungushiwa wino mwekundu na siku zote za kuielekea zimekatwa moja moja. Hatukuongea sana siku hiyo. Ila toka hapo daftari linakaa mezani, anayetaka anasoma.

Jana usiku nimeandika: Jumatatu, mgongo, kushoto, chini kidogo. Akasoma huku anamenya vitunguu, akaniangalia.

"Baba watoto, si juzi mlisukuma gari la mwenye nyumba kwenye tope?"