Siku moja maishani mwangu: seremala wa Keko, niliyetoka jela

Saa 11 alfajiri naamka Tandika, Dar es Salaam, chumba cha uani kwa mama mdogo. Chai ya rangi, kipande cha chapati, kisha mguu hadi Keko. Saa 12 na nusu niko mlangoni mwa karakana. Funguo ninazo mimi, tatu, nimezifunga kwa kamba ya katani.

Naanza na funguo kwa sababu nilifungwa kwa kuvunja mlango. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, senta wa timu ya kikapu, futi 6 na inchi 5. Usiku mmoja mimi na wenzangu wawili tulivunja stoo ya kompyuta. Sikusingiziwa, wala sikuponzwa na marafiki. Niliiba. Nikahukumiwa miaka 3, nikatumikia 2, maana theluthi ya kifungo husamehewa ukiwa na nidhamu.

Mahabusu nilikaa Keko hii hii. Baada ya hukumu nikapelekwa Ukonga, na huko ndiko nilikojifunzia useremala. Samani za Ukonga zina jina mjini. Afande wa karakana alinipa randa, akaniambia urefu wangu haumsaidii kitu, anataka ubao ulionyooka. Nilipotoka nilizunguka kuomba kazi. Kila mahali cheti cha polisi, alama za vidole, "tutakupigia". Mzee wa hapa aliniagiza nitengeneze stuli. Akaikalia, akajitikisa kulia na kushoto, akasema nije Jumatatu.

Saa 1 hadi saa 5 ni randa na msasa. Hakuna cha kusimulia.

Saa 5 mteja akafika na kirikuu. Aliagiza kitanda cha 6 kwa 6 cha mninga, chenye kichwa cha kuchonga na droo mbili chini. Siku tisa nimekishughulikia. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." "Marahaba baba, hongera kwa kazi." Akawa anapapasa ubao wa kichwani, anatabasamu. Fundi wa banda la jirani akapaza sauti: "Mama, huyo mrefu ni fundi hasa! Kajifunzia Ukonga, ndani kabisa!"

Alidhani ananisifu. Mama akauondoa mkono wake kwenye ubao.

Akamvuta Mzee pembeni, lakini nilimsikia. "Mimi nina watoto wa kike. Huyo asiingie kwangu." Mzee akamjibu, "Mama, aliyekitengeneza ndiye anayejua kinavyofungwa. Hapa kwangu funguo zote anazo yeye." "Hapo ni kwako, baba. Kwangu nimeshasema." Mzee akaniangalia. Nikasema nitakwenda, nitakaa nje, dogo ataingia. Dogo ana miezi mitatu kazini na hajawahi kufunga kitanda peke yake.

Nilipanda nyuma, nimekumbatia ubao wa kichwani usikwaruzwe. Foleni ya Tazara haikusogea, jua la saa 7 linachoma utosi. Tabata foleni tena. Kinyerezi tulifika saa 8 imeshapita.

Chumba kilikuwa upande wa nyuma. Nikazunguka, nikasimama kwenye dirisha lenye grili. Mara ya mwisho kuongea na mtu vyuma vikiwa katikati yetu ni siku mama yangu alipokuja kuniona gerezani. Nilipoishika ile grili mikono ilikufa ganzi, nikaiachia.

"Dogo, anza na mguu wa kichwani kulia. Nimeandika KK kwa penseli, upande wa chini."

"Sioni, kaka. Vanishi imefunika."

"Pitisha kidole karibu na ulimi, ile ncha inayoingia tunduni. Ubao wa kulia una fundo, kama shilingi."

Akapapasa, akalipata. Ulimi ukaingia kwenye tundu, lakini bolti haikufika ng'ambo. Alikuwa ameupindua ubao wa ubavuni. Tukafungua, tukaanza upya. Akataka kugonga kwa nyundo, nikampigia kelele atangulize kipande cha mbao, asije akaacha kovu kwenye mninga. Kazi ya dakika 25 ilitumia saa nzima na nusu, na muda wote huo mama amesimama mlangoni mwa chumba. Dogo hakumwangalia hata mara moja. Alikuwa analiangalia dirisha.

Mwisho droo moja ikakwama. Mama akamwambia dogo, "Muulize kwa nini inakwama." Nami niko hapo hapo, hatua mbili! Nikasema, "Mwambie mama atafute mshumaa, usugue reli ya chini." Akauleta. Droo ikateleza. Asante ikapewa dogo, pesa zikapewa dogo, na chupa mbili za maji. Ya pili hakusema ni ya nani.

Simlaumu kwa kuogopa. Kuna watu niliwatia hofu kwa mikono hii, nalijua hilo. Lakini kitanda kile atakilalia miaka mingi, na hakuna kiungo hata kimoja ambacho sikukipima mwenyewe. Hilo nililitaka alijue, na sikupata nafasi ya kumwambia.

Kurudi Keko sikuangalia tena saa. Nilifagia vumbi, nikafunga, nikatembea kupitia Kamata hadi Kidongo Chekundu, kwenye viwanja vya Jakaya Kikwete vilivyofunguliwa 2015. Kata yenyewe inaitwa Gerezani. Hapo nafundisha watoto kikapu. Nilianza na 14. Niliwaambia wazazi mwenyewe nilikotoka, kabla hawajaambiwa na wengine, na watano wakawatoa watoto wao.

Watoto hawachoki kuniuliza kuhusu Hasheem Thabeet, kijana wa Dar aliyechaguliwa wa 2 kati ya wachezaji wapya wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, na timu ya Memphis Grizzlies mwaka 2009. Mwaka ule kila mvulana mrefu wa mtaani aliitwa Hasheem, mimi nikiwemo. Nawaambia ndiyo, alianzia Dar hii hii, sasa rudini kwenye mstari. Ringi nimeipima kwa futi kamba ya kazini: mita 3.05, sawasawa.

Leo mabega yalikataa. Nilifundisha kwa maneno tu, mitupo huru, magoti na kiwiko. Kiza kilipoanza kuingia nikamwona mmoja wa wale watoto watano waliotolewa. Yuko nje ya uzio, hana mpira, anakunja magoti kila ninapotaja magoti, ananyoosha mkono wenzake wanaporusha. Baba yake amemkataza kuingia, na mimi siwezi kumwita.

Nikasogea upande wa uzio, nikawageukia walio ndani. "Kiwiko ndani! Vidole vielekee kwenye ringi!" Nikapaza sauti zaidi ili imfikie. Akakiingiza kiwiko.